Waendao Mombasa Wasifike

Ifikapo katikati ya Desemba, mitaa yetu ya Eastlands, tangu Kaloleni na Makongeni zilizo karibu na mji hata Umoja na Kayole zilizo mbali nao, huingiwa na haraka ambayo haionekani katika mwezi mwingine wowote: fundi cherehani wa Jericho hukesha akimaliza nguo za watoto, mwenye duka hupandisha bei ya unga wa ngano na mafuta ya kupikia pasipo kumweleza mtu sababu, na katika kituo cha mabasi ya mbali kilicho karibu na Gikomba, ambacho wenyewe tunakiita Machakos, nauli iliyokuwa na kiasi mwezi uliopita hukua kwa saa, hata abiria aliyeuliza bei asubuhi akaenda kunywa chai hurudi akatajiwa nyingine. Wasafiri hawa ni makundi mawili. La kwanza ni la wale waendao ushago kuwaona wazazi, nao sina neno nao, maana mtu aendaye kumwamkia mamaye hahitaji nasaha ya gazeti. La pili ni la wale waendao Mombasa kwa siku tatu au nne, wakarudi kabla ya mwaka mpya kuingia, na hao ndio walionifanya nikashika kalamu.

Safari yao yajulikana na kila mtu mitaani, maadamu hufanywa kwa namna moja kila mwaka. Vijana wa ploti moja, au wa kanisa moja, au wa timu moja ya mpira, huchangizana tangu mwezi wa pili au wa tatu, mweka hazina akapokea fedha kwa simu na kuziandika katika daftari. Desemba ikiingia hushonesha tisheti za rangi moja, wakakodi nganya yenye muziki wa kutikisa vioo, wakaondoka usiku, wakasimama Mtito Andei kula chipsi saa ambayo watu wenye akili wamelala, na alfajiri ikawakuta Mariakani, macho mekundu, wakiangaza angaza kutafuta minazi. Basi hupita mji bila kusimama, huvuka daraja la Nyali, na kuwashusha Bamburi au Mtwapa katika nyumba waliyoipanga kwa pamoja. Mchana huwa pwani ya umma, ile iitwayo Pirates, wakikodi maboya ya mipira ya magari na kupanda ngamia kwa zamu; usiku huwa Mtwapa, ambako sina haja ya kueleza kinachofanyika. Siku ya nne hurudi na picha nyingi na ngozi iliyobabuka, wakisimulia Mombasa Raha kwa watu ambao nao wamekwisha kuisimulia mwaka uliotangulia.

Mimi sichukii raha, wala siwaonei gere watu waliofanya kazi mwaka mzima katika viwanda vya Viwandani na katika vibanda vya Gikomba wakitaka kutia miguu katika maji ya chumvi. Bahari ni neema, na mtoto wa Maringo ambaye hajaiona ana haki ya kuiona kama mtoto wa Muthaiga. Neno langu ni kwamba mtu huyu ameifikia bahari, lakini Mombasa hajaifikia. Mombasa ni mji, na mji huo upo kisiwani, ng'ambo ya lile daraja alilolivuka amelala. Una umri unaopita umri wa kila mji wa bara ya nchi hii, na mtu aliyepita mbele ya mlango wake mara nyingi bila kubisha hodi hawezi kusema kuwa amemtembelea mwenye nyumba. Nikiwashauri watu wa mtaani waende Mji wa Kale, ile sehemu ya zamani ya kisiwa, hunijibu kwa upole, kama ajibiwavyo mtu mzima ambaye haidhuru akisema lolote, kwamba Mji wa Kale ni wa watalii wa Kizungu na wa wanafunzi wanaoletwa na walimu wao kwa safari ya masomo. Jawabu hilo ndilo linalonisumbua, kwa kuwa hakuna watu katika Kenya nzima, ukiwaondoa wenyeji wenyewe, wenye nasaba na Mji wa Kale kuliko sisi tuliozaliwa katika mitaa ya Eastlands.

Tuitazame nasaba hiyo. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, na mwishoni mwa Mei 1899 ikafika mahali palipokuwa na maji baridi na kinamasi, ambapo ndipo Nairobi ilipoanzia. Pamoja na reli na kabla yake walikuja watu wa pwani: wapagazi wa misafara, askari, mafundi, wafanyabiashara wadogo wadogo, wanawake waliojua kupika na kupangisha vyumba, wakajenga vijiji vyao kando ya mji wa Wazungu na Wahindi, na kilichosifika zaidi kikawa Pangani. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ikapima viwanja Pumwani, ikawahamisha watu huko kidogo kidogo; Pangani yenyewe ikaja kuvunjwa mwaka 1938 na 1939, waliotolewa wengine wakaingia Pumwani na wengine katika nyumba za Shauri Moyo. Viwanja vile vya Pumwani, ambavyo ndivyo Majengo yetu, watu walivijengea nyumba kwa ramani waliyoijua: mlango wa mbele wenye baraza, ukumbi mrefu unaokwenda moja kwa moja hadi nyuma, vyumba kushoto na kulia vikitazamana, na ua mwishoni penye jiko na kisima au bomba. Ramani hiyo haikutoka Uingereza. Ilikuja na wenyewe kutoka pwani, na nyumba zilizosalia za namna hiyo bado zipo nyuma ya msikiti wa Riyadha kwa mwenye macho ya kutazama, ijapokuwa kuta zake ni za udongo na mabati yake yamekula kutu. Hata majina tuliyapokea huko. Makadara ipo Mombasa, hatua chache kutoka Mji wa Kale; Majengo ipo Mombasa; na Kaloleni ya kwanza ipo upande wa bara ya Kilifi, kabla ya yetu kujengwa katika miaka ya 1940.

Lakini mfano ulio karibu zaidi na hao wapanda ngamia ni ule wa Kengeleni. Basi liendalo Bamburi, likiisha kuvuka daraja la Nyali, hupita mahali paitwapo hivyo, na kando ya barabara hapo imetundikwa kengele katika nguzo zake, ambayo sijapata kumwona abiria wa Desemba akiigeuzia shingo. Kengele hiyo ni ya Frere Town, makazi yaliyoanzishwa na wamisionari wa Church Missionary Society mwaka 1875, muda mfupi baada ya soko la watumwa la Unguja kufungwa mwaka 1873, ili kuwapokea watu walionyakuliwa kutoka katika majahazi ya wauza watumwa. Nayo ilipigwa kuwatahadharisha watu hao wanapokuja wale wa kuwarudisha utumwani. Hapo ndipo palipokua jamii ya mwanzo ya Wakristo waliosema, kusali na kusoma Kiswahili, watu waliotoka Nyasa na Yao na kwingineko, wasio na kabila moja ila ile waliyojiundia. Kutoka katika ukoo mmoja wa Frere Town kilitoka kitabu Uhuru wa Watumwa, cha James Mbotela, mwaka 1934. Na kutoka katika ukoo huo huo alitoka Tom Mbotela, diwani wa Nairobi, aliyeuawa katika mitaa yetu ya Eastlands mnamo Novemba 1952, wiki chache baada ya hali ya hatari kutangazwa. Mtaa wa Mbotela ulipewa jina lake, kama vile mitaa ya Ofafa ilivyopewa jina la diwani mwenziwe Ambrose Ofafa. Kwa hiyo kijana wa Mbotela, akipita Kengeleni kwenda kuogelea siku ya Krismasi, anapita hasa mahali lilikotoka jina la mtaa wake, tena kwa watu walioiadhimisha Krismasi kwa Kiswahili wakati ambao hapa Nairobi hapakuwa na nyumba hata moja. Na yeye wakati huo yumo kuuliza ni nani aliyeshika chaja.

Haya sikuyasema ili kumwaibisha mtu. Hakuna aliyemfundisha. Shule zetu huwafundisha watoto kuwa Vasco da Gama alifika Mombasa mwaka 1498, wakaijibu mitihani wakaisahau, na hakuna awaambiaye kwamba baharia huyo huyo aliipitisha Krismasi ya 1497 baharini kusini mwa Afrika, akaiita nchi aliyoiona Natal kwa ajili ya sikukuu hiyo, na kwamba wale waliomfuata ndio waliojenga katika mlango wa bandari ya Mombasa ngome ya mawe ya matumbawe, kuanzia mwaka 1593, kwa ramani ya Mwitaliano Cairati, wakaibandika jina la Yesu. Nimekuwa nikiwaza kila nikiiona kwamba ni ajabu jina la mtoto aliyezaliwa horini kuandikwa juu ya mizinga. Na watu wa pwani hawakuchelewa kulitambua jambo hilo, kwa maana mwaka 1631 mfalme wa Mombasa Yusuf bin Hassan, ambaye Wareno walimlea Goa wakambatiza wakamwita Jerónimo, aliwageuka akaitwaa ngome yao. Baadaye, Machi 1696, majeshi ya Omani yakaizingira, na mazingiwa yale yakachukua takriban miezi 33, njaa na maradhi yakiwamaliza waliomo ndani, hata ukafika wakati ulinzi ukawa mikononi mwa Sheikh Daud wa Faza na watu wake wa pwani. Ngome ikaanguka Desemba 1698, siku chache kabla ya Krismasi. Merikebu ya Kireno iliyokuja na msaada mwaka 1697, Santo António de Tanna, ilizama papo hapo mbele ya ngome, na vitu vilivyotolewa humo na wapiga mbizi katika miaka ya 1970 vimewekwa ndani ya makumbusho, ambako mgeni wa Eastlands aweza kuvitazama kwa kiingilio kilicho kidogo kuliko cha mgeni wa ng'ambo.

Katika vyote vilivyomo ngomeni, mimi humwelekeza mtu kwanza kwenye ule ukuta ambao askari na mabaharia wa Kireno waliuchora kwa makaa na udongo mwekundu katika zamu zao za ulinzi: merikebu, samaki, makanisa, watu wenye kofia, michoro ya watu waliochoka, waliokuwa mbali na kwao, wasiokuwa na la kufanya. Vijana wetu wachorao nganya za Umoja na kuta za Buruburu wangewaelewa watu wale kwa upesi kuliko maprofesa. Kisha humwonyesha mahali palipokuwa na vyumba vya gereza, kwani Waingereza tangu 1895 hadi 1958 waliifanya ngome kuwa jela, nayo haikuwa makumbusho mpaka mwaka 1962, wala haikutiwa katika orodha ya turathi za dunia ya UNESCO mpaka 2011.

Sasa niseme juu ya Krismasi yenyewe, kwa kuwa wengi huniuliza ni vipi mtu aende kusherehekea sikukuu ya Kikristo katika mtaa wa Waislamu. Hapo ndipo ilipo faida. Siku ya tarehe 25, wakati Jogoo Road imefungwa ikawa kimya, isipokuwa wachache waliolewa tangu mkesha, Mji wa Kale huamka kama uamkavyo siku zote: adhana hutoka katika misikiti yake, miongoni mwao ule wa Mandhry unaohesabiwa kuwa wa mwaka 1570, wenye mnara mnene uliochongoka juu, maduka hufunguliwa, mwuza kahawa hupita na dele lake la shaba akigonganisha vikombe, na huko Kibokoni mama aliyeketi nyuma ya karai lake la mafuta hutoa mahamri yaliyofura, akamwambia mgeni asiyejua aketi wapi, "Ndoo keti mwanangu, mbaazi zingali moto." Mgeni wetu aweza kusali asubuhi katika kanisa kuu la Kianglikana la Mombasa Memorial, lililowekwa wakfu mwaka 1905 na kujengwa pamoja na kuba lake kwa namna ya majengo ya Kiarabu, au katika kanisa kuu la Kikatoliki la Roho Mtakatifu lililo kwenye barabara hiyo hiyo ya Nkrumah, kisha akateremka kwa miguu, bila matatu, akafika mlango wa ngome kabla jasho halijamtoka sana. Ameadhimisha sikukuu yake kwa taadhima, na wakati huo huo amekuwa mgeni katika mji ambao haukujipamba kwa ajili yake wala haumwuzii nauli ya sikukuu. Mimi naona kuwa Krismasi husikika vizuri zaidi mahali ambapo haipigiwi kelele na kila duka, lakini hilo ni pendeleo la mtu mmoja, wala silazimishi.

Tena Desemba si mwezi wa kigeni kwa mji huo. Ndio mwezi ambao kaskazi imeshika, na kwa karne nyingi pepo hizo ndizo zilizoshusha majahazi kutoka Omani, Ghuba na Bara Hindi, yakaja na tende, mazulia, mitungi na vitambaa, yakatia nanga katika ile bandari ya zamani iliyo chini ya Ndia Kuu, mabaharia wakakaa hadi kusi ianzapo kuvuma ndipo wakarudi kwao na boriti za mikoko, pembe na nafaka. Kumpokea mgeni wa Desemba, kumlisha, kumwuzia na kumstahimili ni kazi ambayo Mji wa Kale umeifanya tangu zamani zisizo na tarehe, na wale mabaharia walikaa miezi. Sisi tukaapo siku tatu na kuondoka tumebeba chupa tupu za soda tumewavunjia wenyeji desturi yao.

Nimeambiwa pia habari ya joto, nayo ni kweli. Desemba Mombasa hupita nyuzi 30 mchana, na mtu wa Nairobi, aliyezoea asubuhi za Buruburu zenye ubaridi, hudhoofika saa sita ya mchana kama mboga iliyosahauliwa juani. Dawa yake wenyeji wameijua na wameitia katika nyumba zao. Kuta ni nene, za matumbawe na chokaa. Vichochoro ni vyembamba, na nyumba zimeinamiana hata kivuli hakitoki. Veranda za mbao za ghorofani, zilizochongwa na mafundi wa Kihindi na wa Kiswahili katika karne ya 19, huruhusu upepo upite na macho ya mpita njia yasipite. Atembeaye atembee baada ya alfajiri mpaka saa nne, alale kama walalavyo wenyeji adhuhuri, atoke tena baada ya alasiri. Saa hiyo ndiyo ya kusimama mbele ya mlango mmoja tu wa Ndia Kuu na kuutazama kwa makini: kizingiti cha juu chenye maua yaliyofungamana, mfaa wa katikati uliosimama kama ulinzi baina ya mbao mbili, pete za chuma za kubishia, na chini, palipogusana na mawe, mahali ambapo mbao imelika kwa miguu ya watu waliotoka na kuingia. Jua likitua aende Biashara Street akamnunulie mamaye leso, asome maandishi yake kabla ya kulipa, maana watu wetu wengi wamepeleka nyumbani leso zenye maneno ya mafumbo ambayo hayafai kumpa mkwe. Usiku kuna viazi vya karai na chachandu ya ukwaju, na mishkaki, na mabuyu mekundu kwa watoto. Na baraza za Kibokoni na Kuze zimejaa wazee wazungumzao Kiswahili ambacho Eastlands tulikipokea, tukakikata, tukakigeuza Sheng, tukakirudisha kwao kwa njia ya redio wasikitambue.

Kuhusu adabu, nitasema kwa ufupi: mtaa ule ni makazi. Kaptura za pwani zibaki pwani, mtu asipige picha ya mwanamke aliyekaa mlangoni pake, na "shikamoo" kwa mzee hurudishiwa maelezo mengi kuliko yatolewayo na kiongozi wa kulipwa.

Na fedha? Hapa ndipo mweka hazina wa chama huniingilia. Treni ya Madaraka Express, iliyoanza kazi mwaka 2017, tangu Januari 2024 hutoza shilingi 1,500 daraja la kawaida, nayo ni bei isiyopanda kwa sababu ya sikukuu, ila nafasi zake za Desemba huisha mapema mno, na aliyengoja mshahara wa Novemba aghalabu hukuta zimekwisha. Asiyepata treni hushukia Mwembe Tayari kwa basi, na pale karibu, katika barabara ya Jomo Kenyatta, atakuta sanamu ya askari wa Vita Kuu ya kwanza, ndugu ya ile iliyoko Nairobi mjini, iliyowekwa kuwakumbuka askari na wapagazi wa jeshi waliokufa katika vita ile. Mtu wa Kariokor asiyejua kuwa mtaa wake una jina la kikosi cha wapagazi hao na atazame. Chumba safi katika nyumba ya wageni ndani ya kisiwa hakina bei kubwa kuliko sehemu ya mtu katika ile nyumba ya Bamburi, tena anaepuka nauli za kwenda na kurudi darajani. Aliyetaka bahari nayo haimkimbii, kivuko cha Likoni kipo, na watembea kwa miguu huvuka bure. Ninachokipendekeza ni siku moja kutoka katika zile nne. Mtu hawezi kuniambia kuwa siku ya nne juu ya ngamia ina ladha ya ile ya kwanza.

Lakini kuna sababu nyingine inayonifanya nilishikilie shauri hili kwa ukaidi, nayo haihusu Mombasa. Mitaa yetu inavunjwa. Nyumba za zamani za manispaa ya Pangani zimekwisha kuondolewa, maghorofa yamesimama mahali pake, na mitaa mingine ya rika lile ingali katika majadiliano ya kubomolewa, wenyeji wakigawanyika baina ya wanaotaka lifti na wanaotaka ua wa kuanikia nguo. Mimi sisemi kila nyumba ya chumba kimoja iliyojengwa na mkoloni kwa ajili ya makapera ihifadhiwe; watu wameteseka ndani yake na choo cha jumuiya si turathi. Lakini tunayafanya maamuzi hayo tukiwa watu ambao hawajapata kuona mji wa kale ulio hai, na kwa hiyo tunadhani uchaguzi ni baina ya kibanda na ghorofa tu. Kijana aliyelala usiku mmoja Mji wa Kale, akaona nyumba ya miaka 150 ina mkazi, ina umeme na mtungi wa gesi, na watoto wanafanya kazi zao za shule katika daka lake, akaona kadhalika zile zilizoachwa zikaanguka kwa uzembe au kwa tamaa ya kiwanja, huyo akirudi Kaloleni atautazama kwa jicho jingine ule ukumbi ambamo vijana wa chama cha Tom Mboya, Nairobi People's Convention Party cha mwaka 1957, walisimama kuudai uhuru. Atauliza ni nani mwenye ufunguo wake, paa lake linavuja au halivuji, na kwa nini katika michoro ya maghorofa inayobandikwa ofisini hapaonyeshwi mahali litakapokuwa jengo hilo. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 inamruhusu waziri kulitangaza jengo kuwa la kuhifadhiwa. Haitumiki yenyewe, hutumika pale watu wa mahali wanapojua wanataka nini kitangazwe, wakaandika barua, wakaifuatia.

Na yule ambaye mwaka huu mfuko haukumruhusu, ambaye ada ya Januari imekwisha kumkodolea macho, asidhani kuwa hana sehemu katika neno hili. Tarehe 25, akiisha kula, atoke Shauri Moyo au Bahati kwa miguu mpaka Majengo ya Pumwani, aulizie mojawapo ya nyumba za zamani zenye ukumbi wa kati, naye ataelekezwa. Abishe hodi kwanza, aseme ametoka wapi na ametaka nini, na akiambiwa kuwa leo kuna wageni arudi kesho, basi arudi kesho. Kwa kuwa ile ni nyumba ya watu.